MAZUNGUMZO YA JUMA: UPINDE UNAOMTOSHA MTU



Wazee walisema kwamba mchagua jembe si mkulima, na maana yake twaijua sote: mvivu hupoteza asubuhi nzima akitafuta jembe zuri, ilhali wenzake wamekwisha kulima ngwe zao. Methali hiyo ni ya kweli shambani. Lakini juma hili nataka tuzungumze juu ya chombo ambacho asiyekichagua kwa uangalifu hataifanya kazi yake ipasavyo hata akiwa na bidii namna gani. Chombo hicho ni upinde.

Sababu ya mazungumzo haya ni barua niliyoletewa na bwana mmoja wa Machakos, karani aliyekwisha kustaafu. Mwanawe anafanya kazi Marekani, katika jimbo la Wisconsin. Wenzake wa kazini huwinda kila mwaka kabla ya baridi kali kuingia, wengine kwa bunduki na wengine kwa mata na mishale ya namna ya kale. Sasa wamemwalika. Kijana amemwandikia babaye kwamba ataka kununua upinde wa ratili 60, kwa kuwa babu yake alisifiwa sana kwa mishale katika Ukambani, naye hapendi wenzake wamwone dhaifu. Baba aniuliza: "Nimwambie nini mtoto huyu? Mimi nimeshika kalamu maisha yangu yote, upinde siujui."

Bwana, umefanya vema kuuliza kabla fedha hazijatoka mfukoni. Nitakujibu hapa gazetini, maana huenda wako wengine wenye vijana kama wako.

Kwanza, sheria. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyama wa porini ya mwaka 2013 haikuulegezea mtu, hata awindaye kwa ajili ya kitoweo chake tu. Kwa hiyo msomaji aliye hapa nyumbani asiyachukue maneno yangu kuwa ruhusa ya kuingia porini. Akitaka kujifunza upinde, na apige shabaha kwenye gunia lililoshindiliwa majani, mahali pasipopita watu wala mifugo. Huko Wisconsin mambo ni mengine. Jimbo hilo liliweka majira ya kuwinda ayala kwa upinde tangu mwaka 1934, nayo yana tarehe zake, vibali vyake na kanuni zake. Aliyezaliwa tangu tarehe 1 Januari 1973 sharti ahitimu mafunzo ya uwindaji, isipokuwa awindapo chini ya uangalizi wa mtu anayeruhusiwa na sheria. Kijana na ayasome yote hayo kabla ya kusoma bei za pinde.

Sasa tuje kwenye ratili. Isije ikadhaniwa kwamba upinde wa ratili 60 una uzito huo mkononi, la. Mpime upinde kwa mizani ya kuning'iniza: ukiuvuta upote mpaka mwisho wa mvuto, mizani itaonyesha nguvu unayotumia. Ratili 60 ni kama kilo 27, ambazo mtu huzizuia kwa vidole vitatu, akiwa ametulia, macho yake yakimtazama mnyama aliye hai. Kijana aweza kuinua gunia la mahindi na bado upinde huo ukamshinda, maana misuli ya mgongo inayovuta upinde haizoei kazi hiyo kwa kubeba magunia.

Hapa niruhusuni nikiri jambo la ujana wangu. Kabla ya mwaka 1977, nilipokuwa mvulana, nilimsihi mjomba wangu aniazime upinde wake. Akanipa ule mdogo. Mimi nikautaka ule mkubwa, naye kwa kuchoshwa na maneno yangu akaniachia. Siku hiyo nilikwenda porini bila kibali, na hilo lilikuwa kosa la kwanza. Kosa la pili ni kwamba sikuweza kuuvuta upinde ule hata ufike shavuni. Niliuvuta nusu, mikono ikitetemeka, nikamwachilia mshale paa aliyekuwa karibu kabisa. Mshale ukampata tumboni. Alikimbia nao. Tulimtafuta mpaka giza likaingia, na siku ya pili yake tai ndio waliotuonyesha alipokuwa. Nyama ilikuwa imeharibika yote. Mjomba hakunipiga. Aliniambia tu, "Upinde ule ulikuwa wangu, si wako." Maneno yale yamenikaa moyoni kuliko fimbo.

Kwa hiyo jibu langu kwa bwana wa Machakos ni hili: mwambie mwanao asinunue upinde wa babu yake, anunue upinde wake mwenyewe. Na jinsi ya kuutambua ni hivi.

Kwanza, ajue ni jicho lipi linalotawala. Anyooshe mikono yote miwili, aiunganishe viganja hata ibaki tundu ndogo katikati, kisha atazame kitu cha mbali kupitia tundu hiyo. Afumbe jicho moja, kisha lingine. Jicho linaloendelea kukiona kitu kile ndilo linalotawala. Likiwa ni la kulia, avute upote kwa mkono wa kulia. Likiwa la kushoto, ni vema ajifunze kwa mkono wa kushoto tangu mwanzo, hata ikiwa kalamu huishika kwa kulia.

Pili, aupime mvuto wake. Asimame amenyoosha mikono kama msalaba, mtu mwingine ampime toka ncha ya kidole hata ncha ya kidole, kisha hesabu hiyo igawanywe kwa mbili na nusu. Mwenye inchi 70 atapata inchi 28. Hesabu hii ni ya kukadiria, lakini hukaribia sana ukweli. Ina faida kwa sababu mafundi wengi huandika juu ya upinde nguvu yake kwa mvuto wa inchi 28. Mtu avutaye inchi 26 tu hupungukiwa na ratili mbili hadi tatu kwa kila inchi, na avutaye zaidi huongezewa vivyo hivyo. Hivyo maandishi ya upinde mmoja hayamaanishi kitu kile kile kwa watu wawili.

Tatu, achague ratili zake. Mwanafunzi na aanze na ratili 30 au 35. Ajipime hivi: aketi kitini, ainue nyayo kidogo kutoka sakafuni, auelekeze upinde mbele yake, si juu angani, avute polepole hata kidole kifike pembeni mwa mdomo, kisha ahesabu mpaka tano. Akitetemeka, au akilazimika kuuinua upinde juu ili auvute, upinde huo umemzidi. Baada ya miezi michache ya mazoezi aweza kupanda hadi ratili 40 au 45, ambazo zinatosha kwa ayala wa huko mwenye mkia mweupe, mradi sheria ya jimbo imekubali, mishale iwe mizito ya kutosha na vigumba viwe vikali. Na asihofu gharama ya kununua mara mbili. Wako mafundi watengenezao pinde zinazofunguka: mpini ni ule ule, na yale mabawa mawili, la juu na la chini, hubadilishwa kadiri nguvu za mtu zinavyoongezeka.

Najua kijana atasema, "Lakini babu alivuta upinde mkali." Tuliangalie jambo hili kwa haki. Waata wa upande wa Tsavo, waliowinda tembo, walikuwa na mata yenye nguvu ya kupita ratili 100. Lakini mtoto wa mwindaji hakupewa upinde wa namna hiyo siku moja akiwa mtu mzima. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, katika Tanzania, hata leo humpa mtoto wa kiume upinde mdogo angali mchanga kabisa, naye huucheza kutwa. Upinde hukua pamoja naye. Babu wa kijana huyu naye alianza hivyo. Kijana amekua na kalamu na kompyuta, na hilo si aibu. Lakini hawezi kununua dukani miaka kumi na mitano ya mazoezi.

Tena kuna tofauti nyingine kubwa. Mishale ya Wakamba na ya Waata ilipakwa sumu ya mti. Sumu ndiyo iliyoua. Kazi ya mshale ilikuwa kuifikisha damuni. Mshale usio na sumu huua kwa makali yake tu, kwa kukata mishipa na mapafu hata damu imwishe mnyama. Kwa hiyo mwindaji wa leo huhitaji kigumba kipana chenye makali ya kunyolea ndevu, na mahali pa kupiga asipakosee. Aliye na kigumba butu hana haki ya kuwinda, hata akiwa na ratili 80.

Na nguvu si ratili peke yake. Mwaka 1911 alitokea katika California mtu wa kabila la Yahi, wa mwisho wa watu wake, ambaye wataalamu walimwita Ishi. Daktari wake, Saxton Pope, alijifunza upinde kwake. Upinde wa Ishi haukuwa wa kutisha, lakini aliweza kumngoja mnyama kwa saa nyingi, na kumwita kwa kuiga mlio wa sungura aliye taabuni, hata akamjia karibu. Ishi alifariki mwaka 1916, na Pope akaandika kitabu kilichowafanya Wamarekani wengi wapende upinde tena. Kwa hiyo hata huko Wisconsin wale wenzake wa kazini wanafuata, kwa njia ndefu, mafunzo ya mtu aliyeshinda kwa subira.

Akiisha kupata upinde wa nguvu zake, auchunguze kabla ya kulipa. Apitishe kidole juu ya mabawa akitafuta ufa, hasa penye fundo la mti. Autie upote, aushike mbele yake na kutazama toka ncha hata ncha: upote upite katikati ya mabawa, usielekee upande mmoja. Auvute kidogo mbele ya kioo aone kama mabawa yote mawili yanapindika kwa mviringo mwema. Panapoonekana kona, hapo ndipo utakapovunjika. Na kamwe asiuvute na kuuachilia bila mshale. Nguvu ambayo ingebebwa na mshale hurudi katika mti wenyewe, na upinde mzuri waweza kupasuka mara moja.

Upinde umenunuliwa, sasa sharti uwekwe sawa, kama vile mwenye ngoma akazavyo ngozi kabla ya kupiga. Kazi hii ina hatua tatu, nazo zifuatwe kwa mpangilio wake.

Hatua ya kwanza ni nafasi iliyopo kati ya upote na mpini, upinde ukiwa umetiwa upote lakini haujavutwa. Kwa pinde ndefu zilizonyooka huwa inchi 6 mpaka 7 na nusu; kwa zile zenye ncha zilizopindwa kuelekea mbele huwa inchi 7 mpaka 9. Fundi huandika kipimo chake, aanzie hapo. Akiusokota upote zaidi, utafupika na nafasi itaongezeka, akiulegeza, itapungua. Abadilishe kidogo kidogo, apige mishale michache kila mara, na kusikiliza. Upinde ulio sawa hutoa sauti ndogo na hautikisi mkono. Nafasi ikiwa ndogo mno, upote humchapa mtu kwenye kifundo cha mkono.

Hatua ya pili ni mahali pa kukaza mshale katika upote. Mshale ukiwekwa upate pembe mraba na upote, mkia wake upandishwe nusu inchi hivi juu ya hapo, kisha pafungwe kifundo cha uzi ili mshale ukae chini yake daima. Bila alama hiyo kila mshale utatoka na tabia yake.

Hatua ya tatu ndiyo inayowashinda wengi, nayo ni kuulinganisha mshale na upinde. Mshale unapoachiliwa hauendi umenyooka kama fimbo. Hupindika kama nyoka, ukauzunguka mpini, ndipo ukajinyoosha. Picha za kasi zilizopigwa Marekani katika miaka ya 1930 zilionyesha jambo hili waziwazi. Mti wa mshale ukiwa mgumu mno kwa upinde huo haupindiki vya kutosha. Ukiwa mlaini mno hupindika kupita kiasi. Yote mawili huupeleka kando.

Jaribio lake ni rahisi. Achukue mishale mitatu yenye manyoya, na miwili ya namna ile ile isiyo na manyoya. Asimame hatua 10 au 15 toka kwenye shabaha, apige yote kwa utulivu. Manyoya huficha makosa. Mshale mtupu husema kweli. Mitupu ikiingia juu ya mingine, kifundo cha upote kiko chini mno, akipandishe. Ikiingia chini, kifundo kiko juu mno, akishushe. Jambo hilo likiisha, atazame kushoto na kulia. Kwa mtu avutaye kwa mkono wa kulia, mitupu ikienda kushoto, mti ni mgumu mno: atie kigumba kizito zaidi, au atafute miti mirefu zaidi au milaini zaidi. Ikienda kulia, mti ni mlaini mno: aukate ufupike kidogo kidogo, au atie kigumba chepesi. Avutaye kwa kushoto ageuze maneno haya. Lakini asihukumu kwa mshale mmoja. Mkono uliochoka nao hudanganya. Apige tena kesho yake asubuhi kabla ya kukata chochote, maana mti uliokatwa haurefuki.

Juu ya uzito wa mshale, kwa upinde wa ratili 45 mshale mzima wa gramu 29 hivi ni mwema, na usipungue gramu 23. Mshale mwepesi huenda mbio, lakini hauingii ndani vizuri, tena huuumiza upinde karibu kama kuuachilia mtupu. Na upinde wa mti mtupu uvuliwe upote kila baada ya kazi, usiachwe juani wala ndani ya motokaa iliyofungwa, wala usiegemezwe ukutani kwa miezi. Ulazwe au utundikwe.

Mwisho ni umbali. Kijana aweke sahani ya inchi 8 kama shabaha, maana mapafu ya ayala hukaribia ukubwa huo. Atafute umbali ambao mishale 9 katika 10 huingia ndani ya sahani. Kwa wanafunzi wengi umbali huo ni hatua 15, na wachache hufika 20. Huo ndio mpaka wake, na mnyama aliye nje yake aachwe aende. Tena kila siku ahesabu zaidi mshale wa kwanza, akiwa hajapasha mwili moto, kwa sababu porini hakuna mshale wa kujaribia.

Amngoje mnyama asimame ubavu, au awe amegeuka kidogo kumwonyesha kisogo, ndipo alenge nyuma kidogo ya mguu wa mbele. Akiisha kupiga, akae kimya nusu saa kabla ya kufuata damu. Damu nyekundu yenye povu ni ya mapafu, naye mnyama hayuko mbali. Mshale ukionyesha uchafu wa tumbo, asubiri saa sita au zaidi, maana mnyama asiyefukuzwa hulala karibu, na afukuzwaye hupotea kama alivyopotea yule paa wangu.

Basi, bwana wa Machakos, mwandikie mwanao hivi: aanze na ratili 35, ajifunze miezi yote ya baridi na ya joto, na mwaka huu awafuate wenzake bila mshale, atazame tu. Mwaka ujao atajua mwenyewe kama yuko tayari. Wenzake wakimcheka kwa upinde wake mdogo, awaombe waje naye kwenye sahani ya inchi 8, kila mtu apige mshale mmoja.

Na akitaka kweli kumheshimu babu yake, asiitafute heshima hiyo katika ratili. Wazee wetu hawakumsifu mtu kwa upinde aliobeba kwenda porini. Walitazama alichorudi nacho, na kama aliacha nyuma yake mnyama anayeteseka.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.